Neno Aliloanza Mlinzi

Wasikilizaji wapendwa, leo tumepungua. Tunamkumbuka Bi Ngoja, mwendesha mahojiano wa redio hii kwa miaka thelathini na moja. Bi Ngoja ametutoka Jumanne. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wake wa utangazaji. Ukimkatiza mgeni kauli mbele yake, umekwisha! "Ngoja!" angesema. "Umemwita aseme, au aje akusikilize wewe?"

Kabla ya mahojiano alisoma kila kitu, akaenda kupaona mahali penyewe, akaandika maswali kumi. Mgeni akifika, aliikunja ile karatasi akaikalia. Ndiyo, wapendwa, aliikalia! Tulimcheka sana, maana hatukujua yaliyomkuta.

Yalimkuta akiwa na miaka ishirini na sita. Kiwanda cha magodoro kiliungua. Watu kumi na mmoja walifia ndani, kwenye mlango wa nyuma uliofungwa. Nani aliufunga? Mji mzima ulitaka kujua. Bi Ngoja akamleta mlinzi wa zamu studioni, moja kwa moja hewani.

Mlinzi aliongea kwa shida. Mwishowe akasema, "Mlango wa nyuma, dada... siku ile mimi nili..." Akanyamaza.

Bi Ngoja alikiogopa kile kimya. Macho yakamkimbilia kwenye karatasi, swali la sita. "Na zimamoto walifika saa ngapi?"

Jibu alikuwa nalo, kaliandika pembeni kwa mkono wake mwenyewe. Mlinzi akamtazama kidogo. "Saa nane na robo," akasema. Mlango haukutajwa tena.

Siku ya tatu alimfuata nyumbani na kinasa sauti. Mke wa mlinzi alimpokea mlangoni. "Umechelewa, mdogo wangu. Moyo ulimsimama. Jana tumemzika."

Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wa Bi Ngoja alihamia kwake na mizigo yake yote. Binti yake ametusimulia: "Mama alikuwa na ile kanda. Anapiga pasi, anaisikiliza. Anachambua mchele, anaisikiliza. Ikifika kwenye 'nili', anazima. Halafu anaanza peke yake: Nilifunga? Nilifungua? Niliamriwa? Utotoni nilidhani anaongea na mtu chumbani. Nilikuwa naogopa kuingia."

Wapendwa, nili. Herufi nne tu, na zilimla miaka arobaini na nne.

Juzi makaburini, bibi mmoja alimshika mkono huyo binti. Mwanawe alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. "Mama yako hakuwahi kuja kwangu," akasema.

"Alikuja, bibi. Kila mwaka. Alikuwa anaishia getini, anarudi. Alisema hana jibu la kukupa."

Bibi akatikisa kichwa. "Nani alimwambia nataka jibu? Angebisha tu. Miaka yote hii watu wananiuliza habari za mlango. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mwanangu alikuwa mtu wa namna gani."

Tunampa pole binti wa marehemu na ukoo wake wote. Tunazipa pole pia familia zile kumi na moja, kwa kuchelewa kwetu. Nawe unayetusikiliza, kuna mlango unaoupita kila siku kwa sababu huna la kusema. Kabishe hodi, uulize, kisha mwache mwenye nyumba amalize.