Fundi Tobia Shekiango wa Lukozi na Gari Lililokata Kona

Mchungaji, wazee wetu shikamooni, ndugu na majirani mliopanda na kushuka milima kuja kumzika Tobia, poleni na safari. Mimi ni Dorkasi, mwalimu, dada yake mkubwa. Familia imenituma nisome maisha yake kama yalivyokuwa. Mengine ni mazito, na wengi wenu mnayajua. Tumekubaliana nyumbani kwamba hayatafichwa.

Marehemu Tobia Hezekia Shekiango alizaliwa hapa Lukozi tarehe 14 Machi 1929, mtoto wa pili wa Mzee Hezekia. Alifuatiwa na Yonathani, mwaka 1935. Mama yetu alifariki Yonathani akiwa bado ananyonya. Kazi ya kumbeba ilikuwa yangu, lakini mtoto alikataa mgongo wangu, akitaka wa Tobia. Wanawake kisimani walicheka kumwona mtoto wa kiume amefungwa mwenzake kwa kaniki. Tobia hakujali. Alimbeba hadi Yonathani alipokuwa mzito kuliko mzigo wa kuni.

Alianza shule ya misheni mwaka 1938, akamaliza darasa la sita. Alikuwa hodari wa hesabu na mchelewaji sugu. Siku moja mwalimu alimwuliza sababu.

"Nilikuwa nangoja lori ligeuke pale kwenye kona, Mwalimu."

"Na liligeuka?"

"Liligeuka, Mwalimu, ila kwa shida sana. Dereva alikuwa analia."

Darasa lote likaangua kicheko, na fimbo ya siku ile ikasahaulika.

Mwaka 1946 marehemu aliteremka Tanga kujifunza ufundi katika karakana ya Fundi Salimu, aliyemlea kama mwanawe na kumfundisha kuchomelea na kufua chuma. Alirudi mwaka 1955, akafungua karakana yake Lushoto, chini ya soko. Tarehe 27 Septemba 1958 alimwoa Efrazia, binti wa familia ya Wakatoliki wa Kwai. Wazee wa pande zote mbili walibishana juu ya kanisa la kufungia ndoa, mpaka Efrazia mwenyewe akawaambia kwamba angefunga ndoa hata chini ya gari, alimradi bwana harusi atoke huko chini anawe mikono. Mungu aliwajalia binti, Rebeka, mwaka 1960.

Uhuru ulipokuja, mzungu mmoja mkulima wa Kwai alifungasha akaondoka, akamwachia Tobia gari ambalo alikuwa akimtengenezea kwa miaka mingi. Lilikuwa gari dogo la michezo, la viti viwili, lisilo na paa. Marehemu aliliinua springi ili liweze kupita kwenye njia zetu. Tatizo lilibaki kwenye usukani. Gari lile lilitengenezwa kwa barabara za wenzetu zilizonyooka. Kwenye kona ya mwamba, hapo chini kati yetu na Lushoto, halikuweza kugeuka kwa mkupuo mmoja. Lazima lipigwe rivasi, na nyuma yake ni korongo.

Aprili 1963, wakati wa masika, Efrazia alishikwa na uchungu wa mtoto wa pili akiwa hapa kijijini. Uchungu ulikuwa mbaya. Marehemu alimpakia katika gari lile. Walipofika kwenye kona, mvua ilikuwa imekula ukingo wa barabara. Alipopiga rivasi, gurudumu la nyuma likazama, gari likakwama likiwa limening'inia. Wanaume waliotoka mashambani walimshusha Efrazia, wakambeba kwa kitanda. Alifariki njiani, na mtoto tumboni mwake.

Baada ya mazishi marehemu alijifungia karakanani. Alitoa mikono miwili ya chuma inayogeuza magurudumu ya mbele, akafua mingine mifupi zaidi. Alikata vizuizi vinavyoyazuia magurudumu yasipinde kupita kiasi, akahamisha mipira ya breki isije ikasagwa na matairi. Alipomaliza, gari lile liligeuka kwenye kona ya mwamba bila kurudi nyuma hata kidogo. Watu walipiga vigelegele. Yeye alishuka, akakaa kwenye jiwe, akafunika uso.

Kwa miaka miwili na zaidi alibeba wagonjwa na wajawazito kwa gari lile. Wapo watu hapa leo waliozaliwa salama kwa sababu yake. Lakini usukani uliokata kona namna ile ulikuwa umekuwa mwepesi kupita kiasi. Ukigusa kidogo, gari linaruka upande. Kwa mwendo wa polepole lilikuwa tiifu. Kwa mwendo wa kasi lilikuwa hatari. Marehemu alilijua hilo, na hakumruhusu mtu mwingine kuliendesha.

Tarehe 9 Desemba 1965, asubuhi ya sikukuu ya Uhuru, marehemu alikuwa amelala na homa. Yonathani, aliyekuwa dereva wa lori la mboga, alikuja kuomba gari ampeleke mke wa jirani hospitali. Mimi nilikuwepo nikipika uji.

"Mdogo wangu, gari hili si lori," Tobia alimwambia. "Lori ukilikatia usukani, linafikiri kwanza. Hili halifikiri."

"Kaka, naendesha tani saba kwenye milima hii. Hiki kigari kitanishinda?"

"Nenda polepole. Niahidi."

"Nimekuahidi."

Tobia akampa ufunguo kwa mkono wake.

Mgonjwa alifikishwa salama. Baada ya hapo Yonathani, akiwa na furaha ya sikukuu, aliteremka na gari kuelekea Mombo. Chini ya Soni, mahali barabara inaponyooka, mbuzi alikatiza mbele yake. Walioshuhudia walisema alipinda usukani kama anavyopinda wa lori. Gari likaruka barabara yote likatumbukia bondeni. Yonathani alifia pale pale. Alikuwa na umri wa miaka thelathini, na aliacha mke, Naemi, na watoto wawili wa kiume.

Msibani Naemi alisimama mbele ya watu wote akamnyooshea Tobia kidole. "Umemuua mume wangu kwa nyundo yako. Usikanyage kwangu tena." Jioni ile ile marehemu alikwenda kituo cha polisi kwa miguu yake. Mahakamani hakimu alimwuliza kama ana la kujitetea.

"Sina, mheshimiwa. Vile vyuma nilivifua mimi. Na ufunguo nilitoa mimi."

Alifungwa mwaka mmoja. Alipotoka hakuoa tena. Alirudi kwenye karakana, akamlea Rebeka, na kwa miaka yote iliyofuata alipita nje ya uzio wa Naemi akiinamisha kichwa. Naemi hakumsalimu. Nami niliyekuwa dada wa mmoja na wifi wa mwingine, nilikula Krismasi nyumba moja mchana na nyumba nyingine usiku, na chakula hakikushuka vizuri kote kuwili.

Mwaka 1974 watu waliposogezwa pamoja katika kijiji cha ujamaa, kijiji kilipata Landrova kuukuu, nayo haikuweza kukata kona ya mwamba. Mkutanoni mwenyekiti alimwita marehemu mbele.

"Fundi, tufanyie usukani kama ule wa gari lako."

"Sitafanya, Mwenyekiti."

"Wagonjwa wanakufa huku juu, nawe ujuzi unao. Huyapendi maendeleo ya wenzako?"

"Nimeshapinda gari mara moja, na mdogo wangu yuko kaburini. Safari hii tupinde barabara. Nipeni nyundo kubwa na tindo."

Walimzomea. Wengine walimwita mvivu, wengine mpinga ujamaa. Kesho yake alikwenda kwenye ule mwamba peke yake, akaanza kugonga. Aligonga katika ukungu na manyunyu, nguo zikimkaukia mwilini. Baadaye watu waliona haya, wakaja na majembe na mitaimbo, zamu kwa zamu. Ilipofika katikati ya mwaka 1975 Landrova ilipita.

Kifua kilianza kumsumbua kabla kazi haijaisha. Alikohoa miezi mingi, akakonda, akalazwa hospitali, akatibiwa kwa bidii yote. Mei mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani. Baridi ilipozidi, hakuweza tena kuinuka.

Wiki mbili kabla ya kifo chake mlango ulibishwa. Alikuwa Naemi, ameshika bakuli la uji chini ya khanga. Hakunisalimu mimi. Alipita moja kwa moja hadi kitandani.

"Shemeji. Amka unywe."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa neno hilo kutoka kinywani mwake tangu tulipomzika Yonathani. Tobia alilia hata akashindwa kushika bakuli. Naemi akamshikia.

"Umenisamehe?" Tobia aliuliza.

Naemi alilisogeza bakuli karibu na mdomo wake. "Sijui, shemeji. Kunywa, unapoa."

Tangu hapo alikuja kila asubuhi na uji, na swali lile halikuulizwa tena. Marehemu alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 22 Julai 1976, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba. Tulikuwa naye Rebeka, Naemi na mimi.

Tunawashukuru waliomhudumia hospitalini, usharika wetu, na vijana waliochimba kaburi katika baridi hii.

Marehemu ameacha binti mmoja, Rebeka. Dada mmoja, mimi Dorkasi. Na wana wawili wa mdogo wake. Nilipokuwa naandika majina haya juzi, sikujua niandike nini juu ya mama yao, nikaacha nafasi. Naemi alikuja akasoma, akaweka kidole pale palipokuwa patupu.

"Niandike hapo," alisema. "Andika shemeji."

Ameacha shemeji mmoja, Naemi.

Bwana awapumzishe kwa amani, Tobia na Yonathani.