Mzee Aliyeshuka Kupiga Picha

Muuguzi alikuwa anasinzia treni ilipoondoka stesheni ya maporomoko, akazinduliwa na sauti ya mama aliyekaa mbele yake. "Baba, hujamwona mume wangu? Alishuka kupiga picha."

Aliyeulizwa alikuwa fundi viatu, aliyekaa kando ya muuguzi tangu asubuhi, mtu mwenye jibu la kila kitu. "Atakuwa amepandia nyuma, mama. Wanaume tukiona maporomoko tunageuka watoto."

"Nimeshapita mabehewa yote. Hayupo."

Usingizi ukamruka muuguzi.

"Basi tulia. Kondakta atapiga simu, watamkalisha pale pale."

"Watamkalishaje? Lugha ya huku hata salamu yake hatuijui. Na yeye..." Mama alishusha sauti. "Siku hizi anasahau. Leo kaniuliza mimi ni nani. Tumeizunguka nchi hii, milima, maziwa, miji ya kale, ili aione pamoja nami akiwa angali ananijua."

Fundi aliinama kumkaribia. "Ndiyo maana usishuke. Mtapotea wawili."

"Bora tupotee wawili."

"Stesheni ijayo ni porini, mama! Treni ya kurudi mpaka kesho!"

"Nitaifuata reli kwa miguu."

Muuguzi, aliyekuwa anakwenda kwenye harusi ya mdogo wake, aliona wote wawili wana haki. Treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Mama alishuka mikono mitupu, fundi akimwita kutoka dirishani. Muuguzi akachukua koti la mzee lililobaki kitini, akamfuata.