Fundi Lotfollah Golkar, Aliyeujua Upepo Kabla Yangu

Marehemu Lotfollah Golkar alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika kijiji hiki cha Deh Mirak, pembezoni mwa jangwa la Ardakan, akiwa mtoto wa kwanza wa Fundi Yadollah na Bi Sakine. Mimi ninayesoma wasifu huu, mdogo wake Faraj, nilizaliwa miaka miwili baadaye. Tangu hapo mambo yalikwenda hivyohivyo, yeye kwanza, mimi baadaye.

Alisoma kwa mwalimu wa msikitini hadi mwaka 1952, akatoka na mwandiko uliosifiwa kijiji kizima. Wangu haukusifiwa na mtu. Mwaka huo baba alimpandisha juu ya paa, akamwambia afumbe macho aseme upepo unatoka wapi. Akasema, na akapatia. Nilipopandishwa mimi nilipiga chafya. Baba alicheka mpaka akakaa chini, kisha akampa Lotfollah mwiko wake wa kujengea. Niliulilia mwiko ule siku mbili.

Kuanzia mwaka 1958 marehemu alijenga badgir, ile minara yetu ya kukamata upepo, juu ya nyumba kumi na saba. Upepo uliingia juu, ukashuka, ukapita juu ya birika la maji lililojengwa sakafuni na kuwafikia watu ukiwa baridi. Tarehe 2 Oktoba 1964 alimwoa Bi Touba. Nasi tunajua jinsi alivyompata. Baba mkwe alikuja kumkatalia, akakaribishwa chini ya mnara, akapewa kipande cha tikiti lililoshinda limening'inizwa humo kwa kamba, akasinzia. Alipoamka alasiri alisema, "Binti yangu ataishi hapa. Na mimi nitakuwa nakuja kumsalimia kila kiangazi." Alikuja kweli, miaka ishirini na mmoja. Mkwe wangu mimi hakuja hata mara moja.

Niseme wazi, nilimwonea wivu. Nilitaka niitwe Fundi kama yeye. Minara ya kwetu ina mdomo mmoja tu, unaotazama kaskazini-magharibi, kwa sababu pande nyingine huleta vumbi. Nilijua hilo vizuri. Lakini nilikuwa nimeona mjini Yazd minara yenye midomo pande zote nne, na Haji Samad aliponipa kazi mwaka 1969, nilimjengea wa namna hiyo, mrefu kuliko wowote wa kaka yangu kwa dhiraa tatu.

Tarehe 5 Juni mwaka huo Haji alimwoza binti yake chini ya mnara huo. Upepo wa vumbi ukaja wakati wa kula, na mchanga ukamwagika juu ya wali wa zafarani mbele ya wageni mia mbili.

"We Faraj," Haji akasema huku akitema, "umenijengea mnara au chekecheke?"

Watu wakaangua kicheko. Lotfollah akasimama. "Haji, mdogo wangu hajamaliza. Midomo mitatu inazibwa udongo ukishakauka. Wewe ndiye uliyeharakisha harusi. Si ndivyo, Faraj?"

Nikasema ndivyo. Kesho yake alipanda mwenyewe, akaziba midomo mitatu, akaingia ndani ya shimo la mnara na kupiga lipu upya. Mnara ule ukavuta upepo kuliko yote kijijini, na watu wakauita mnara wa Lotfollah. Nimelisikia jina hilo miaka hamsini na mitano. Sikumshukuru hata siku moja. Nilimchukia kwa kuniokoa.

Baadaye watu walihamia mjini kwenye mashine za kupoza hewa, nyumba ya Haji ikabaki na njiwa. Marehemu hakuhama. Kila masika alizunguka nyumba zilizohamwa, akifungua minara iliyozibwa kwa mbao wakati wa baridi. Nilimwita mlinzi wa njiwa.

Aliugua kifua tangu Februari mwaka huu wa 2024. Tarehe 11 Julai aliomba apelekwe nyumbani kwa Haji, alazwe chini ya mnara. Ulikuwa bado umefungwa, maana mfunguaji alikuwa kitandani.

"Panda wewe, Faraj," akasema.

Nilipanda, na umri huu wangu. Nilipotoa mbao mwanga ukaingia ndani ya shimo, nikaona maandishi yaliyochorwa kwenye lipu ilipokuwa mbichi, kwa mwandiko ule uliosifiwa. *Kazi ya Fundi Faraj Golkar, mwana wa Yadollah.*

Nilishuka. "Kaka, kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kununa," akasema. "Na wewe ukinuna ndipo unapojenga vizuri. Hebu sogea, unanizibia upepo."

Nikasogea. Nilimwambia ahsante, nadhani alisikia. Alifariki saa tisa alasiri, shuka lake likipepea kidogo.

Ameacha mjane, Bi Touba, binti mmoja, Mahrokh, wajukuu wanne, na mimi. Mwiko wa baba amemwachia Mahrokh, nami nimeona wivu tena. Anazikwa ubavuni mwa baba, mahali nilipojichagulia mimi zamani. Mwenyezi Mungu amlaze penye ubaridi. Hata huko ametangulia yeye.