Redio ya Mama Chepkemoi Haigeuki

Nyuma ya soko la Kitale, hatua chache kutoka msikitini, kuna benchi la ubao mmoja uliolazwa juu ya rimu mbili za lori. Wakaaji wake hukiita kijiwe hicho Rufaa, kwa sababu kesi zote zilizokwisha kuamuliwa kwingine huletwa hapo kusikizwa upya. Kahawa ni ya Naim, chungu, ya tangawizi, na birika lake halishuki motoni tangu alfajiri. Kivuli ni cha kibanda cha Wabwile, fundi wa redio, ambaye kijiweni wanamwita Waya. Siku hiyo ya mwezi wa tatu manyunyu yalikuwa yakishuka kutoka mlimani, wauza mbolea walikuwa wamefunika magunia yao kwa nailoni, na Rufaa ilikuwa na kesi moja tu mezani: nani ameiba masafa ya Redio Mteremko.

Wabwile hakuwa na hamu na kesi hiyo. Alikuwa akimngoja Chelimo, mwalimu wa chekechea kule Kipsongo, ambaye alimpigia simu asubuhi kwamba anamletea redio ya mama yake. Alijua ni redio gani, na alijua ugonjwa wake kabla haijafika.

Mama huyo, Chepkemoi, anakaa peke yake juu ya Kapsokwony. Macho yamemfifia, na simu aliikataa katakata. Dunia humfikia kwa redio. Kila jioni saa moja Redio Mteremko ilisoma matangazo ya vifo kwa Kisabaoti, na wazee wa mlima wa rika lake hawakutaka gazeti lingine. Shida ilikuwa wajukuu. Walikuja likizo, wakazungusha redio wakitafuta muziki, wakaondoka, na bibi asijue pa kurudia. Ndipo Wabwile alipobuni dawa yake. Aliitafuta stesheni mpaka ikasimama wazi, akatia tone la gundi kali kwenye kigurudumu, kikanata. Mama Chepkemoi alifurahi mpaka akambariki. Wabwile naye, kwa kujiona bingwa, akamwambia neno ambalo sasa lilimrudia kila alipoona redio: "Mama, hapa ndipo utapata watu wako siku zote." Mwaka huo aligundisha redio kumi na moja za wazee, na zote alizikumbuka kwa majina ya wenyewe.

Halafu Desemba stesheni ikahama masafa. Mwanamke mmoja wa Redio Mteremko alipita kwa mafundi wote wa mjini na vibandiko vyenye namba mpya, akawaomba wawafikishie wateja wao wa mbali. Wabwile alivipokea, akasema sawa. Atapanda mlimani Krismasi ikipita. Krismasi ikapita, shule zikafunguliwa, watu wakaanza kutayarisha mashamba, na vibandiko vikabaki chini ya kopo la skrubu. Februari, Kiptum, ndugu wa pekee aliyembakia Mama Chepkemoi, akafia Lwakhakha, mpakani. Jamaa walimpigia Chelimo kwenye laini yake ya zamani, ambayo ilikuwa imefungwa. Wakalipia tangazo, likasomwa jioni tatu mfululizo kwa masafa mapya, wakamzika Jumamosi. Dada yake alizipata habari siku ya nane, kutoka kwa mtu aliyepanda kununua vitunguu.

Haya yote Rufaa iliyajua, isipokuwa ya vibandiko.

— Tuanze na ukweli, akasema Bethwel, wanayemwita Injinia kwa sababu alilinda geti la busta, mtambo wa kurusha mawimbi ya Redio Mteremko, kwa miaka sita.

Na ukweli aliujua, kwa kuwa wahandisi husahau kwamba mlinzi ana masikio. Redio Mteremko ilipewa ruhusa ya kusimamisha busta hapa mjini, ya urefu fulani na nguvu fulani. Baadaye wenyewe wakaingiwa na tamaa ya kufika mbali, wakaihamishia kwenye ukingo unaotazama mlima, bila kuuliza mtu. Sasa busta inayotazama mpaka, akasema Injinia, haijengwi kama banda la kuku. Nairobi huandikia Kampala, Kampala nao hupima kama mawimbi yatagongana na yao, wakikubaliana ndipo masafa huandikwa kwenye kitabu kikubwa cha dunia kule Geneva, pamoja na mahali pake na urefu wake. Aliyeandikwa hulindwa. Stesheni moja ya ng'ambo, upande wa Uganda, ilikuwa imeandikwa zamani kwa masafa hayo hayo. Mteremko iliandikwa, lakini kwa mjini, si kwa ukingoni. Malalamiko yakaja, na hapakuwa na la kubishana. Ilibidi wahame.

Angeishia hapo, kesi ingekwisha. Lakini hakuna anayeondoka Rufaa kwa sababu ya ukweli huku birika bado lina kitu.

— Kumbe hiyo Geneva ni land board tu, kama ile ya mashamba, akasema Matthew. Yeye ni Wakili, jina alilolipata kwa kushindwa kesi ya shamba miaka kumi na tisa. Ni mtu wa Kimilili, na kwake l na r huazimana. — Mimi nawaambia, shelia ya ardhi na shelia ya hewa ni moja. Sisi tulilima, wenzetu wakaandikisha. Unalima, unapanda, unavuna, kumbe taito ya shamba iko kwa kabati ya jirani. Ndio wazee walisema mwenye kelele hana neno.

Hakuna aliyeuliza methali hiyo ilikuwa imefuata nini pale.

— Sasa tungefanya aje? Injinia akauliza.

— Tungeweka mtu akae huko. Hata kwa hema. Masafa bila mtu ya kuyaketia, si yatanyakuliwa?

Tonny, mwendesha boda ambaye hupeleka watu mpaka Lwakhakha na Kapsokwony, aliwasikiza akiwa ameegemea pikipiki yake. Alikuwa akitikisa kichwa tangu Geneva itajwe mara ya kwanza.

— Wazee, mnadanganyana, akasema. Hiyo kitu haikuibwa na karatasi. Si mnajua zile pango za mlima, zenye ndovu huingia kulamba chumvi? Chumvi inavuta mawimbi. Majamaa wa ng'ambo waliweka mashini huko ndani, inanyonya polepole. Haba na haba hujaza kibaba. Mbona nikifika Lwakhakha, bado niko kwetu, simu inaniambia karibu Uganda?

Hoja ya simu iliwatikisa. Kila mmoja wao alikuwa amewahi kukaribishwa Uganda akiwa amesimama Kenya. Naim aliongeza kahawa bila kuulizwa, na Injinia, ambaye hakupenda kupitwa na mtu asiyewahi kulinda hata mti, akaupandisha ukweli wake ghorofa moja juu. Mawimbi huhesabiwa, akasema. Kila nchi iligawiwa magunia yake. Yetu yalikuwa mengi, makanisa yakayamaliza, kila nabii na redio yake, na sasa tunaokota makombo. Hata hivyo watu wasivunjike moyo.

— Aliye juu mngoje chini, akamalizia. Yale mawimbi yote yalipanda. Siku moja yatashuka. Mkae tu na redio wazi.

— Hapana, akasema Wakili. Tushtaki mlima. Ndio umesimama katikati ya nchi mbili bila kibali.

Wabwile aliinamia redio ya mtu mwingine, akijifanya anatafuta waya uliokatika. Kwa kawaida yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuwacheka. Leo kila neno la upuuzi lilimfunika kama blanketi, na kadiri lilivyokuwa la ajabu ndivyo lilivyompa joto. Alitamani iwe ni ndovu. Alitamani iwe ni makanisa, au mlima wenyewe, au mzungu fulani mwenye kalamu. Aliona aibu kutamani hivyo, akaendelea kutamani.

— Waya, wewe ndio fundi, Tonny akamwambia. Sema kitu.

— Ni mambo ya juu hiyo, akajibu Wabwile. Hakuinua macho.

Chelimo alifika manyunyu yakiwa yamezidi. Redio alikuwa ameifunga kwa leso na kuibeba kifuani. Wazee, mmoja baada ya mwingine, walimpa pole ya mjomba wake Kiptum, na Wakili akasogea kumpisha kwenye benchi. Alishukuru, akabaki amesimama. Alisema mama hajambo kidogo, ila halali vizuri, na ametuma redio akisema watu wake wamemtoka humo ndani na hajui wameenda wapi.

Wabwile aliipokea. Ilikuwa bado na kitambaa alichoifungia mwenyewe kuzuia vumbi. Aliiwasha, na sauti ya mwanamume ikatoka, nzito, ya taratibu, ikisoma majina. Lugha ilikuwa ya Wagisu wa ng'ambo, ambayo kwa Mbukusu kama Wabwile ni lugha ya binamu. Aliielewa karibu yote.

— Wanasema nini? Chelimo akauliza.

— Ni vifo. Vya huko kwao. Huyu anazikwa kesho.

— Mama alijua, akasema Chelimo. Alisema matangazo ya kilio yanajulikana hata ukikosa maneno. Tangu Desemba anasikiza hiyo kila jioni. Anasema anawapatia pole watu hata hawajui, lakini kilio si ni kilio.

Naim aliweka birika chini. Injinia alikohoa, akaona afafanue habari za Nairobi na Kampala, na Chelimo akamsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza wazazi wa watoto wa darasa lake. Wabwile wakati huo alikuwa amechukua wembe na kichupa cha dawa ya kutoa rangi ya kucha. Alidondosha tone, akangoja, akachokonoa. Gundi ilitoka kama ganda la kidonda. Kigurudumu kikalegea. Akakizungusha nafasi ya ukucha mmoja, labda kucha mbili, na Kisabaoti kikaja, safi, bila mkwaruzo. Mwanamke alikuwa akitangaza bei ya mbegu za mahindi.

Kahawa ya Tonny ilikuwa haijapoa.

Chelimo aliisikiliza kidogo ile sauti ya mbegu. Uso wake haukuonyesha furaha.

— Ni hiyo tu? akauliza.

— Ni hiyo tu.

— Hata jirani angeweza kuzungusha.

— Hangeweza. Niliigundisha mimi.

— Najua. Mama anasema ulimwambia hapa ndipo watu wake watakuja siku zote. Kaka yangu alitaka kumnunulia ingine, akakataa. Ati Fundi alishaiweka mahali pake, wenye kupotea ni stesheni, watarudi. Chelimo akaikunja leso mkononi, akitafuta namna ya kuuliza mtu mzima jambo bila kumkosea adabu. — Fundi, wewe ulijua lini kwamba wamehama?

Rufaa yote ilimgeukia Wabwile, si kwa ubaya. Walikuwa wakingoja naye ashangae pamoja nao. Aliona Desemba nzima mbele yake. Aliona yule mwanamke wa stesheni akihesabu vibandiko, akimwuliza vinatosha, naye akisema vinatosha. Jibu lilikuwa neno moja tu. Alifungua kinywa alitoe, na kilichotoka kilikuwa kitu kingine, kwa sauti iliyofanana na ya Injinia.

— Hii mambo ilitoka Geneva, mwalimu. Iko kitabu huko. Sisi watu wa chini hatuna nguvu.

Wakili aliitikia kwa kichwa. Tonny akasema ni kweli, hiyo mambo ni kubwa. Chelimo hakubisha. Aliichukua redio, akaizungushia leso polepole bila kuizima, na mbegu za mahindi zikaendelea kusema kutoka ndani ya kitambaa.

— Sasa hiyo Geneva mimi siijui, akasema. Nilikuwa nataka kuuliza tu. Kutoka hapa mpaka kwa mama ni masaa mangapi?

Tonny, anayekwenda huko mara tatu kwa wiki, aliinama akagusa gurudumu la mbele kama aliyesikia linatoa upepo. Injinia aliangalia mlima, ambao haukuonekana kwa mawingu. Wakili alinywa kikombe ambacho hakikuwa na kitu. Wabwile alikusanya mabaki ya gundi kwa ukingo wa wembe.

Chelimo alingoja. Alipoona hakuna anayejibu, aliwaaga kila mmoja kwa adabu, akamshukuru Fundi kwa kazi, akajitanda kitambaa kichwani na kuelekea stendi. Alipita wauza mbolea, akangoja lori lipite, akavuka barabara.

— Masaa mawili, akasema Wabwile.