Mzee Kudra na Difu Iliyovuka Mbuga

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Kudra Pazi, mkuu wa kitengo cha ekseli katika Karakana ya Isalenge hapa Nyasubi, Kahama, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Meneja ameniomba mimi, Rhoda wa stoo ya vipuri, niandike wasifu wake. Anasema ninamfahamu kwa pande mbili: ni mfanyakazi mwenzangu, na alikuwa mtani wa marehemu mume wangu, Benjamini, ambaye wengi mnamkumbuka kama fundi wetu wa kuchomelea.

Mzee Kudra hakuja Kahama kutafuta kazi. Alikuja akiwa utingo wa lori la saruji kutoka Dar es Salaam, na lori likaharibika difu, zile gia za ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu, karibu na sokoni. Walikaa hapa wakisubiri kipuri. Kilipofika, lori liliendelea na safari, utingo akabaki. Mwenyewe husema alibaki kwa sababu alitaka kujua kwa nini difu ile ilivunjika. Mama Adam, mkewe, aliyekuwa akiuza uji pale sokoni wakati huo, ana maelezo mengine.

Alianza kwa kuosha vipuri kwa dizeli. Polepole akasogea hadi kwenye meza ya ekseli, na hajatoka hapo. Wageni humshangaa anapoweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye difu inayozunguka, kama daktari anayesikiliza kifua. Akimaliza hutikisa kichwa na kusema, "Huyu mgonjwa alale," na dereva hujua kwamba leo harudi Katoro.

Mgodi wa Buzwagi ulipoanza kupunguza kazi, magari makubwa yalipungua uani kwetu. Mzee Kudra ndiye aliyesema tugeukie pikapu za wachimbaji wadogo. Hizo zilikuwa zikija kutoka Geita na Mbogwe zikiwa zimebeba viroba vya mawe kupita uwezo wake, springi zimelala, shafti zimepinda. Akaanza kuzifungia ekseli nene zaidi na springi za kuongezea. Halafu akaleta jambo lililozua ubishi wa miaka mingi, yaani ile difu tunayoiita difu ya klachi.

Kwa wenzetu wa ofisini, nieleze kidogo. Pikapu ya kawaida ikikwama, gurudumu lililo kwenye utelezi ndilo linalozunguka. Lenzake lililo pakavu hukaa tu likitazama. Difu ya klachi ina sahani ndogo ndani ambazo hubana, ili na lile lililo pakavu lipate nguvu yake. Ukifika kwenye kona ya lami, sahani zinaachia kiasi, gari linageuka vizuri.

Benjamini hakuitaka. Njia yake ilikuwa ile ya machimboni: unafungua difu, unazichomelea gia za ndani zishikane, magurudumu yote mawili yanazunguka pamoja daima. Ni rahisi na inatoka siku hiyo hiyo. "Nichomelee, mambo yaishe," alikuwa akisema. "Mzaramo wewe, kwenu mchanga mtupu. Matope umeyaona huku ukubwani."

"Na wewe Msukuma," Mzee Kudra alimjibu, "unafunga ng'ombe wawili mguu kwa mguu, halafu unashangaa hawapigi kona."

Ubishi huo ulikuwa chai yetu ya saa nne. Pikapu aliyochomelea Benjamini ikirudi na shafti iliyokatika kwenye kona ya lami, Mzee Kudra aliibeba shafti mikononi kama mtoto mchanga na kuja kumkabidhi, akimpa pole ya kufiwa. Benjamini naye alilipa kisasi kwa michembe. Mama yake alikuwa akituletea viazi hivyo vikavu kutoka kijijini, na Mzee Kudra alivilalamikia kila siku kwamba ni chakula cha kuku. Benjamini alimwekea bakuli mbele na kukaa kumtazama mpaka linapokwisha. Lilikuwa linakwisha.

Sitaki mdhani difu ya klachi ilianza vizuri. Stanslaus, dereva wa mfanyabiashara mmoja wa Geita, alifungiwa ya mwanzo mwanzo. Haukupita mwezi, akarudi akiwa amekonda. Alidai gari linanguruma kila akikata kona, na kwamba ameshaliombea mara mbili. Kwa kuliogopa, alikuwa anazunguka mitaa mizima kutafuta njia zilizonyooka. Mzee Kudra alimuuliza oili ya difu alibadilishia wapi. Stanslaus akamtaja kijana wa kando ya barabara. "Gari lako halina pepo," aliambiwa, "lina oili ya gari jingine." Difu zile zinataka oili yake maalumu. Tangu siku hiyo kila pikapu hutoka hapa ikiwa na maandishi ya rangi nyekundu juu ya ekseli kuhusu oili, kwa mwandiko wa Mzee Kudra, ambao si mzuri lakini unasomeka.

Karakana ilikuwa na pikapu yake ya kubebea vipuri. Mzee Kudra aliifungia difu ya klachi kwa majaribio. Benjamini aliapa hatapanda humo.

Masika ya mwaka juzi, Benjamini aliugua kwa muda mfupi akafariki. Kwao ni ng'ambo ya mbuga, upande wa Nyang'hwale. Mama yake, Mama Benjamini, alikuwa amevunjika nyonga na hawezi kusafiri. Ndugu wa mjini walishauri tuzike Kahama kwa sababu ya mvua. Mama akatuma neno moja tu kwa simu ya jirani: aletwe, nimwone. Kwa hiyo tulijua kwamba tusipovuka, mama hatamwona mwanawe tena.

Basi tulilokodi lilifika ukingoni mwa mbuga, dereva akashuka, akachota tope kwa kidole, akapanda tena. Simlaumu. Udongo ule mweusi ukilowa hauna rafiki. Tulisimama pale na jeneza, watu wakaanza kusema turudi. Hapo ndipo Mzee Kudra alipotokea nyuma yetu na pikapu ya karakana, kwa sababu hakuwa amemwamini dereva wa basi tangu asubuhi.

Jeneza likapakiwa. Tukatembea pembeni, viatu mikononi. Katikati ya mbuga gurudumu la kushoto likazama, pikapu ikainama, na mimi nikaona mwisho wa safari. Vijana wakaja kusukuma. Mzee Kudra akatoa kichwa dirishani, akaongea kwa sauti ya kila siku, ile ya saa nne:

"Benjamini, tangu lini wenzako wanasukuma wewe umelala? Shuka."

Watu walicheka huku wanalia. Mtani ana haki hiyo msibani, na kwa kweli hakuna mwingine ambaye angeweza kutuinua pale. Halafu akakanyaga mafuta taratibu, akabana breki ya mkono kidogo ili sahani za difu zishikane. Gurudumu la kulia, lililokuwa limeshika nyasi, likapata nguvu. Pikapu ikatambaa kama kobe, ikatoka, ikaendelea kutambaa mpaka tulipoona paa la nyumba ya mama.

Huko nako hakuacha. Alilala kifudifudi mlangoni mwa ua, na suti yake nzuri, akagoma jeneza lisipite mpaka apewe kuku. Akapewa jogoo. Ndipo akaenda kupiga magoti kwa mama aliyekuwa amelazwa kwenye mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiyo wewe Mzaramo?"

"Ndiyo mimi. Nimekuletea mbishi wako. Difu hii aliikataa miaka yote, leo imembeba."

Mama akamwambia, "Hata ziwa langu aliwahi kulikataa. Baadaye alilitaka mwenyewe." Akacheka, na akaomba asogezwe kwa mwanawe. Alikaa naye alivyotaka. Tulizika jioni hiyo, mvua ikiwa imetupa nafasi.

Baada ya hapo, meneja aliamua pikapu ile isiuzwe. Mfanyakazi akifiwa au akifariki, yeyote na popote, ndiyo inayompeleka kwao. Mzee Kudra amewafundisha mafundi wengi kufunga difu za klachi, na kiti chake atakikalia Blessing, binti aliyeanza kwa kuosha vipuri kama yeye. Blessing haweki bisibisi sikioni. Anasema anasikia bila hiyo, na Mzee Kudra anajifanya kukasirika.

Wiki iliyopita alikwenda kumuaga mama mkwe wangu, kwa sababu yeye na Mama Adam wanahamia Kisarawe. Nilikuwepo. Mbuga ilikuwa imekauka, ina nyufa za kuingia mguu, na tulipita bila shida yoyote. Mama sasa anatembea kwa fimbo. Alitupikia michembe kwa karanga, akasikiliza habari za kuhama hadi mwisho, kisha akauliza atakuja nani siku yake ikifika.

"Mama, fanya hisani," Mzee Kudra akamwambia. "Usife masika. Subiri kiangazi, nije kwa basi kama mtu mwenye heshima."

Mama akaendelea kumwongezea michembe kwenye sahani. "Nitakufa masika," alisema, "tena katikati ya mvua. Makusudi. Ili urudi uteseke."

Mzee Kudra aliivuta sahani, akala yote. Kisha akafuta macho kwa kisingizio cha moshi.

Shemeji Kudra, kwa niaba ya wenzako wote wa Isalenge, asante kwa kazi na kwa kicheko. Nenda ukapumzike na Mama Adam, ule nazi zenu, uishi miaka mingi yenye afya. Magoti uyatunze. Mama amesema atakufa masika, na yeye akisema jambo habadilishi.