Saladi ya Dada Yake Birika

Tangu juzi nusu ya mtaa inashinda chooni, na meza ya dada yake Birika, pale ubavuni mwa benchi la kahawa, imezungushiwa utepe na watu wa afya. Inasemekana wote wanaoharisha walikula saladi yake. Birika muuza kahawa roho ilimuuma, maana dada huyo ndiye aliyemlea, na meza ile ndiyo iliyowalisha. Lakini kahawa haingoji mtu apoe. Akawamiminia wazee wa benchi, Redio na Wakili, nao wakaanza kazi yao.

— Husuda hiyo, alisema Redio. Mimi tumbo lilinikata kabla ya wote, na majani sili, nawaachia mbuzi. Kwa hiyo si saladi. Mtaa umechezewa.

— Acha hizo, alisema Wakili. Ni mbegu. Siku hizi zinatoka maabara, saladi inazaliwa inaumwa. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

— Saladi ina samaki gani?

— Ndiyo hiyo maabara sasa.

— Basi popo. Wanakojoa wakiruka, tena kwa shabaha. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Popo atainama vipi, naye kichwa kiko chini tayari?

Birika alicheka, ingawa moyoni hakuwa na raha. Alichovya vikombe vyao kwenye ndoo iliyokuwa miguuni pake, yenye maji yaleyale ya tangu alfajiri, akawaongezea.

— Dada yangu msafi, jamani. Saladi yake haijawahi kunyauka. Hata jua la saa nane, utadhani imechumwa sasa hivi.

— Hilo hata mimi naapa, alisema Wakili.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja mgeni, kitambulisho cha afya shingoni, akingoja kahawa yake.

— Samahani, kaka. Huwa dada yako anainyunyizia maji ya wapi?

Wakili aliitazama ndoo. Kisha akamtazama Redio na tumbo lake, akaweka kikombe chini taratibu. Kila mchana ni Birika mwenyewe aliyekuwa akiisogeza ndoo ile kwa dada yake, maana bomba liko mbali na kumwaga maji ni dhambi.

 Birika alikuwa ameshika kikombe cha mgeni, aibu imemjaa hadi masikioni, hajui akisuuzie wapi.