Baba Shezi na Zizi Lililofichwa na Misonobari

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maktaba yetu ya hapa Vryheid, Baba Bhekokwakhe Shezi anastaafu tarehe 30 Juni. Wenzangu wamesema niandike mimi wa usafi, kwa kuwa familia yangu inamjua vizuri.

Alianza kwa kubandika namba kwenye vitabu. Kompyuta zilipokuja alizing'ang'ania, akagundua ramani ya mtandaoni inayolaza picha za zamani, zilizopigwa kutoka kwenye ndege, juu ya picha za leo. Tangu hapo watu humjia kutafuta makazi ya babu zao waliohamishwa kwa nguvu enzi za ubaguzi. Swali lake la kwanza ni moja: mlango wa zizi la ng'ombe ulitazama wapi?

Naye huteleza jamani. Aliwahi kuwapatia akina Mdlalose duara safi sana nyasini, kama alama ya zizi la zamani. Wakaenda na tawi la mti wa umlahlankosi, linalobeba roho ya marehemu kuirudisha nyumbani, wakamsifu mpaka sauti zikakauka. Mwenye shamba akatokea, kumbe pale baba yake alikuwa akifundishia farasi! Bibi Mdlalose alicheka hadi akakaa chini: "Shezi mwanangu, nusura nirudi na farasi nimwite mume!"

Kisha ikawa zamu yetu. Binti yangu Nokulinda alikuwa anaolewa, na kwetu bibi harusi huagwa zizini mbele ya wazee wake waliotangulia. Roho ya babu yangu ilikuwa bado huko tulikofukuzwa, hatujui wapi. Usingizi ulinipaa. Mtoto ataagwaje na babu hayupo?

Shangazi yangu alikumbuka tu kwamba mlango wa zizi ulitazama mto unaogawanyika kwenye mwamba. Baba Shezi akaufuata mto ule kwenye ramani mpaka akauona mwamba. Kando yake, misonobari mitupu.

"Mbona mmepanda miti juu ya nyumba yetu?" shangazi akafoka.

"Si mimi, Bibi, ni watu wa mbao."

"Basi iondoe, nione mlango."

Akasogeza kidole, picha ya zamani ikaja, miti ikatoweka. Zizi lile pale, mlango ukitazama mto. Shangazi akagusa kioo, akaanza kumtaja baba yake kwa majina ya sifa.

Simu ya Baba Shezi ikatuongoza hadi kwenye mawe ya zizi. Kaka yangu akabeba tawi bila kusema na mtu yeyote ila babu. Kwenye gari Baba Shezi akahamia nyuma, akabanana na sisi wanawake: "Mbele anakaa mzee."

Nokulinda aliagwa babu akiwepo.

Asante, Baba. Uishi vizuri na mkeo MaHadebe, ule, ulale, usikimbizwe na mtu. Na tarehe 30, tukikusindikiza nyumbani, sisi tutabanana nyuma. Mbele utakaa wewe.